Boti Niliyoipamba

Jumanne, 5 Agosti

Vanishi mkono wa nne. Nimepaka asubuhi kabla malori ya mchanga hayajaanza kupita na vumbi lao. Nyuma pamekauka. Mbele bado pananata, nitapaacha hadi kesho.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki. Ni kayaki ya tano kutoka mikononi mwangu, lakini zile nne zilikuwa plaiwudi na faiba tu, boti za kazi. Hii ina sura. Miaka ishirini na mbili nilichonga vinyago Mwenge kabla sijahamia huku Bunju, na yote imeingia humu. Sitaha ya nyuma nimeibandika vipande vya mpingo vyembamba kama kucha, mstari kwa mstari, mfano wa magamba ya samaki. Wiki sita nimeinama. Mgongo unajua.

Ramani ninayoifuata inataka kuta mbili ndani ya boti. Mmoja mbele ya miguu, mwingine nyuma ya kiti. Ikipinduka, maji yajae pale katikati tu anapokaa mtu, ncha zote mbili zibaki na hewa. Wa mbele nimeuweka. Wa nyuma sijauweka. Ukiuweka lazima utoboe sitaha, uweke mfuniko wa kukagulia ndani na kupitishia mizigo, na tundu lenyewe lingepita katikati ya magamba yangu. Kabla ya vanishi nilikaa na msumeno mkononi asubuhi nzima. Nikashindwa.

Bahari yenyewe tulivu, na akina mama walioiagiza wanazungukia karibu. Nimejiambia hivyo.

Jioni kapita Saidi. Ndiye anayewafundisha akina mama wa kikundi cha Ununio kupiga kafi. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, haongei sana. Akazunguka boti mara mbili. Akauliza kamba za pembeni zitakaa wapi, za kushika mtu akianguka. Nikamwambia hii si gunia la mkaa. Akacheka kidogo. Akauliza kama nitapaka rangi ya kuonekana mbali, chungwa au njano. Nikamwonyesha mpingo, nikamuuliza kama ana macho. Halafu akagonga sitaha ya nyuma kwa kidole.

"Nyuma umeziba, fundi?"

Nikasema boti imekaa sawasawa. Hilo si jibu. Nililijua wakati nalitoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeikabidhi. Mwalimu Hidaya alikuja na kirikuu, kigari cha mizigo, kuichukua. Anafundisha Jiografia sekondari hapa hapa Bunju, mama wa watu, mnene, mcheshi. Ndiye aliyeanzisha kikundi. Alipoivua turubai akayapapasa magamba yale kwa kiganja kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

"Fundi, hii mie nitaogopa kuikalia."

Wakapiga picha. Mimi katikati. Nilijisikia mtu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwalimu Hidaya amepinduka. Mke wangu Stella ndiye aliyepigiwa simu, mimi nilikuwa napiga msasa sikuisikia yangu. Yuko hospitali. Yu hai. Bega limetoka. Boti imepotea.

Naandika ili niache kuzunguka uwani.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda hospitali na mke wangu. Hawakuturuhusu kumwona, alikuwa amelala kwa dawa. Saidi alikuwa amekaa nje ya wodi kwenye benchi tangu jana, nguo zile zile, chumvi imemkaukia shingoni. Alitusimulia mwenyewe, anaangalia chini.

Walitoka watano. Wakati wa kurudi upepo ukaongezeka, mawimbi yanawajia ubavuni. Mwalimu akapinduka. Hakuumia, alitoka vizuri, alikuwa na laifu jaketi. Saidi akafanya anachowafundisha siku zote: unaivuta boti iliyopinduka, unaipandisha ncha ya mbele juu ya boti yako, maji yanamwagika, unaigeuza, mtu anapanda. Dakika tatu. Amewahi kufanya mara nyingi na boti zingine.

Hii alipoinyanyua mbele, maji yote yakakimbilia nyuma. Nyuma ikazama. Boti ikasimama wima ndani ya maji kama nguzo ya umeme, akashindwa kuishikilia. Akajaribu tena. Na tena. Mwalimu akawa anajaribu kuishika, mikono inateleza. Wimbi likaileta ncha ikampiga begani.

Saidi akaiacha boti, akamlaza mwalimu kifudifudi juu ya mgongo wa boti yake ya plastiki, akapiga kafi kuelekea nchi kavu. Wale watatu wakamfuata nyuma. Mwalimu aliteleza akarudi majini mara mbili. Saa nzima na zaidi. Kabla hajaiacha boti ile, ulipita mtumbwi wa wavuvi, wakaupungia, haukuona kitu. Maji meusi, boti ya kahawia.

"Sijui nilikosea wapi," Saidi akasema. "Nimefikiria usiku kucha. Sijui nilikosea wapi."

Stella akamshika mkono. Mimi niliangalia sakafu. Marumaru nyeupe, moja imepasuka pembeni. Nilijua alikosea wapi. Hakukosea.

Jumatano, 13 Agosti

Kikao cha kikundi, nyumbani kwa mwenyekiti, Mama Kessy. Nimeitwa na mimi.

Mama Kessy ana hasira kwa sababu ameogopa. Alikuwa mmoja wa wale watatu. Akamwambia Saidi mbele ya wote: umetufundisha kumwaga maji kwenye boti, umetufundisha kila Jumamosi, siku ya siku ukashindwa. Saidi akasema boti ilikuwa nzito, maji hayakutoka. Akasema inawezekana nyuma haikuzibwa. Alisema kwa adabu. Hakunitazama.

Mama Kessy akanigeukia.

"Fundi, wewe ndiye unayeijua. Boti ilikuwa na tatizo?"

Watu kumi na mmoja. Chai ilikuwa mezani. Nilikuwa na nafasi.

Nikasema: "Boti ilikuwa sawa."

Nikaongeza, hakuna aliyeniuliza: "Labda alipaniki."

Wamemwambia Saidi apumzike kufundisha mpaka hapo watakapoamua. Alisimama, akaaga wote, akanipa shikamoo ya kuondoka. Nikaitika marahaba.

Nimeitika.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikufanya kazi.

Jumamosi, 16 Agosti

Boti imepatikana. Wavuvi waliikuta imekwama kwenye mikoko, wakamtafuta mwenyewe kwa kuuliza nani anachonga hivi. Sanaa yangu ndiyo iliyoirudisha. Imeletwa mchana juu ya kirikuu.

Vanishi imechubuka upande mmoja. Ncha ya mbele ina ufa. Magamba yote yapo. Hakuna hata moja lililobanduka. Mwanzo nilifurahi, kwa sekunde labda mbili. Halafu nikaona kwenye vanishi ya ubavuni mikwaruzo midogo, minne minne, sambamba. Nikadhani matawi ya mikoko. Nikaweka vidole vyangu juu yake. Vinaenea.

Nimeifunika turubai.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeipeleka Ununio alfajiri, maji yamejaa. Stella nilimwambia nakwenda kukagua ufa.

Nikaingia hadi kifuani. Nikakaa, nikajipindua. Nilitoka haraka, kwangu ni rahisi, miguu chini kuna mchanga. Halafu nikajifanya sina mchanga. Nikajaribu kushika boti kwa tumbo lake lililolowa. Vanishi mikono minne. Ni kama kushika sabuni. Hakuna kamba, hakuna kishikio hata cha kupitisha kidole. Nilitafuta pa kushika kwenye kitu nilichokitengeneza mwenyewe sikupaona.

Nikainyanyua mbele kama Saidi. Maji yakaenda nyuma, nikayasikia yakienda. Nyuma ikazama mpaka ikagusa chini. Boti nzito kama imejazwa zege. Nikajaribu mara nane. Nina miaka hamsini na mbili na nimebeba magogo maisha yangu yote, na nilikuwa nimesimama juu ya mchanga. Yule kijana alikuwa amekaa kwenye boti nyingine inayoyumba, na mtu anamlilia pembeni.

Nilimwita mwoga aliyepaniki. Nilikaa kwenye maji hadi jua likawa kali.

Jumatano, 20 Agosti

Nitaandika nilichofanya leo kwa sababu sitamwambia mtu.

Nimeuweka ukuta wa nyuma. Plaiwudi ya milimita sita, gundi, utepe wa faiba pembeni. Niliingia kwa tundu la kukalia, kichwa chini, miguu nje. Juu sikutoboa. Kisha nikausugua ukuta kwa msasa na kuupaka chai ya rangi na vumbi, ufanane na uliozeeka. Niliwahi kufanya hivyo Mwenge, vinyago vipya kuvifanya vya kale kwa ajili ya wageni. Mkono haujasahau.

Mtu akija kukagua atakuta ukuta.

Nimefanya kazi hiyo vizuri sana. Ndicho kinachonitia kinyaa. Nilipotoka ndani ya boti niliangalia kiungo cha gundi nikaridhika.

Jumapili, 24 Agosti

Mwalimu Hidaya kaja. Sikumtegemea. Mkono umefungwa shingoni, uso umepungua. Kaja na mwanawe mkubwa aliyeendesha gari, akamwacha nje. Kaniletea embe, mimi, ananiletea embe.

Amekuja kuniomba radhi.

Nimeandika mstari huo nikausoma tena. Amekuja kuniomba radhi kwa sababu boti yangu nzuri imepasuka. Stella akamletea kiti. Akaomba kuiona. Nikaivuta turubai na mikono yangu ikafanya kazi bila mimi. Akaiangalia kwa mbali kidogo, hakuishika safari hii.

"Nilitafuta pa kushika, fundi. Vidole havikuwa na nguvu. Saidi wa watu alijitahidi, namsikitikia. Ila mie najijua, mwili huu. Angekuwa mtu mwepesi angepanda, tungerudi wote."

Stella akasema usiseme hivyo, mwalimu.

"Ndiyo hivyo, mama. Nimeanza kujinyima. Kwa siku nakula mara moja tu. Nilipaswa kuanza zamani, si kusubiri kuwatia watu hatarini."

Alisema hivyo anatabasamu. Nilikuwa na plaiwudi iliyobaki mguuni kwangu, kipande kile kile nilichokatia ukuta, nusu duara. Nilikisukuma kwa kisigino chini ya meza.

Nikamsindikiza hadi kwenye gari. Nikamfungulia mlango.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemwona Saidi. Anabeba matofali kwenye jengo jipya karibu na sokoni. Akaweka chini tofali, akanifuata.

"Shikamoo, fundi."

Akaniuliza boti ikoje. Nikasema inatengenezeka. Akasema vizuri. Akaniambia alikuwa anafikiria kuja kuiangalia, si kwa ubishi, aelewe tu alichokosea, asije akakirudia kwa mwingine. Nikasema karibu. Ndiyo. Nilisema karibu, kwa sababu ukuta upo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikumbuki njia.

Jumatano, 27 Agosti

Nimemwambia Stella. Alikuwa anachambua mchele. Nilianza na mpingo, na tundu, na msumeno, nazunguka. Akasema sema unachotaka kusema. Nikasema.

Hakuacha kuchambua. Alipomaliza ungo wote ndipo akauliza: "Na huo ukuta ulioweka juzi, uliniambia unaziba ufa?"

Ndiyo.

"Kwa hiyo na mimi umenidanganya."

Ndiyo.

Akasema mwalimu hali chakula kwa ajili yako. Akainuka akaenda kuinjika mchele. Sijawahi kuogopa mgongo wa mtu kiasi hicho.

Nimempigia Mama Kessy. Nimeomba kikao. Nimeomba wote waje hapa kwangu, na Saidi.

Jumamosi, 30 Agosti

Wamekuja tisa. Mwalimu Hidaya, Mama Kessy, akina mama wengine, Saidi nyuma kabisa amesimama karibu na geti. Boti ilikuwa juu ya meza mbili, tumbo juu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumatano. Yote yalipotea.

Nikawaomba wainame waangalie ndani. Nikawasha tochi ya simu. Nikasema: "Ukuta huo wa nyuma nimeuweka tarehe ishirini. Nimeupaka chai ili uonekane wa zamani."

Hawakuelewa mara moja. Mama Kessy ndiye aliyeelewa kwanza.

"Siku ile baharini haukuwepo?"

"Haukuwepo."

"Na ulituambia boti ilikuwa sawa."

"Nilisema uongo."

Nikawaeleza. Ukuta, kamba, rangi. Nikasema Saidi aliniuliza vitu vyote vitatu nikamkejeli. Nikasema hakuna binadamu angeweza kumwaga maji ya boti ile, nimejaribu mwenyewe nimesimama chini. Nikasema niliiacha hivyo kwa sababu ya urembo. Neno urembo lilitoka dogo sana mbele za watu. Nilitamani kuwe na sababu kubwa zaidi. Haikuwepo.

Mwalimu Hidaya alikuwa ameketi kwenye gogo. Akasema taratibu, kama anajisemea:

"Kwa hiyo si uzito wangu."

"Si wewe, mwalimu. Hata mtoto asingepanda."

Akalia. Hakufunika uso. Mama Kessy akamkumbatia upande usio na bega bovu, na juu ya kichwa chake akanitazama mimi. Sitalielezea lile jicho.

Saidi akaja mbele. Akainama, akaangalia ndani ya boti muda mrefu. Akagonga ukuta kwa kidole, kama alivyogonga siku ile.

"Nilikuuliza, fundi. Nilikuuliza nyuma umeziba."

"Uliniuliza."

"Nimekuwa nikilala naota naishika ile ncha." Akatikisa kichwa. "Wiki tatu."

Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Akatoka getini bila kunipa mkono wala shikamoo, na alikuwa na haki.

Waliondoka wote. Stella akakusanya vikombe. Hakuna aliyekunywa chai.

Nilidhani nikisema nitapumua. Sipumui bado. Ila sitafuti tena mahali pa kuangalia.

Jumanne, 2 Septemba

Fundi mmoja wa Mbweni kanipigia, kasikia. Habari imefika huko. Mtu mmoja aliyekuwa ameniagiza boti kasema ataniambia kama bado anaitaka. Hataniambia.

Ni sawa.

Ijumaa, 5 Septemba

Saidi kaja saa tatu asubuhi, bila taarifa. Salamu ilikuwa "habari za asubuhi" tu. Ana karatasi imekunjwa mfukoni, kaandika kwa kalamu. Anataka boti iliyopo iwe boti, ndivyo alivyosema. Kikundi kimemwomba arudi kufundisha, naye kawaambia atarudi kwa sharti akague kila boti mwenyewe.

Mfuniko nyuma. Kamba kuzunguka boti nzima, isilegee wala isikaze, vidole vinne vipite. Vishikio viwili vya ncha, vya mbao nene ya kujaa mkono. Mipira miwili nyuma ya kiti ya kubana kafi, ili mtu aliye peke yake afunge galoni tupu kwenye kafi, lielee pembeni kama mguu wa ziada, apandie hapo. Rangi ya chungwa juu na chini.

"Na hivi vya mpingo?" nikauliza. Nilikuwa najua.

"Vinaonekana kutoka mbali?"

"Havionekani."

Akasubiri. Nikachukua msumeno, nikatoboa katikati ya magamba. Sauti ya mpingo ukikatika ni kavu. Nilikata duara lote bila kusimama. Alinishikilia sitaha isitetemeke, mikono yake karibu na yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Rangi mkono wa pili. Chungwa kali, chungwa la koni za barabarani. Stella katoka jikoni, kaiangalia, kasema inaumiza macho. Akacheka. Ni mara ya kwanza tangu Agosti.

Mpingo uko chini ya rangi. Ukipitisha kiganja unausikia bado. Sitapitisha.

Jumamosi, 13 Septemba

Saidi amesema fundi asiyejua kuanguka asitengeneze boti. Kwa hiyo leo nilikuwa mwanafunzi. Ununio, mimi na akina mama wanne, wote wananipita ujuzi. Mwalimu Hidaya alikuja kuangalia tu, daktari hajamruhusu, na mwenyewe hajui kama atataka akiruhusiwa. Alikaa kivulini anakula mihogo ya kukaanga. Alinisalimia. Salamu fupi, ya kawaida.

Kina kirefu, miguu haifiki chini. Saidi akasema "wewe wa mwisho, pinduka." Nikapinduka. Chini ni kijani na kelele. Nikasukuma, nikatoka, nikajikuta pembeni ya boti na mkono wangu tayari uko kwenye kamba. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe.

Saidi akaja. Akainyanyua ncha ya mbele, maji yakamwagika yote kwa mkupuo mmoja, akaigeuza. "Panda." Nikapanda kwa tumbo kama kenge, nikageuka, nikakaa. Boti nyepesi. Nilikuwa na kitu cha kumwambia.

"Tena," akasema.

Mara tano. Ya tano peke yangu, kwa galoni. Nilimeza maji mengi. Alinirekebisha mguu mara moja, basi, akaenda kwa mwingine.

Alifunga boti zake, akaondoka na bodaboda.

Nimeanika nguo. Stella kaenda kwenye kwaya, nyumba iko kimya, ni saa kumi alasiri. Nimelala mkekani ubavu wa kushoto. Sikio la upande huo limejaa maji ya bahari. Yanatoka kidogo kidogo shavuni, ya moto.